Mbuzi wa Lord Ambrose

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KIKUNDI CHA WASOMAJI CHA MATILIKU KILICHOFANYIKA JUMAMOSI, TAREHE 14 JUNI 2025, KATIKA CHUMBA CHA NYUMA CHA HOTELI YA BI. NZISA, MATILIKU SOKONI, KUANZIA SAA NANE MCHANA

WALIOHUDHURIA
1. Mwalimu Kavindu – Mwenyekiti
2. Bw. Musembi, mwenye duka la dawa za mifugo – Katibu
3. Bi. Nzisa, mwenye hoteli – Mtunza vitabu
4. Mzee Kiilu – Mwanachama
5. Bi. Sauda, fundi cherehani – Mwanachama
6. Bw. Mutie, fundi wa simu – Mwanachama (alichelewa, na hakuomba radhi)

ALIYEKOSA KWA UDHURU
Mchungaji Kitheka

ALIYEKOSA BILA UDHURU
Bi. Yvonne (alionekana sokoni akijaribu viatu)

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwakaribisha wanachama na kumwomba Bi. Nzisa aongoze maombi. Bi. Nzisa aliomba kwa kirefu. Aliombea ndengu zilizo shambani, vijana wa Matiliku, barabara ya Salama na madereva wake, na mwisho akamwomba Mungu awakinge wanachama na aimu, yaani mizimu, wa nchi zote, wa Uingereza wakiwemo. Bi. Sauda, ambaye ni Mwislamu, alisema amina kwa sauti kubwa kuliko wote, akaeleza kwamba mizimu ya Uingereza haichagui dini.

Udhuru wa Mchungaji Kitheka ulisomwa kutoka kwa simu ya Katibu: "Mtumishi wa Bwana hawezi kuketi kujadili ndoa ya mtu na pepo. Nawatakia kikao chema. Mnijulishe kama yule msichana aliokoka." Mzee Kiilu aliuliza Mchungaji alijuaje kwamba kuna msichana, ikiwa hakukisoma kitabu cha kikundi.

KUMB. NA. 2/6/2025: KUTANGAZA MASLAHI

Katibu alisimama na kueleza kwamba, kwa mujibu wa katiba ya kikundi, mwanachama mwenye maslahi katika jambo linalojadiliwa hutakiwa kuyatangaza mapema. Alitangaza kwamba anayo. Mwezi wa Machi alimwomba Mwenyekiti awe mke wake. Mwenyekiti alimjibu kwamba atampa jibu siku kikundi kitakapomaliza kitabu hiki. Kwa hiyo Katibu ana haja kubwa ya kuona kitabu kinaisha, na aliomba haja hiyo isichukuliwe kama upendeleo.

Bi. Sauda alisema hilo si tangazo, soko zima linajua, na hata ng'ombe anaowachanja wanajua. Mwenyekiti alimwagiza Katibu aketi. Katibu aliketi.

Kwa faida ya watakaofungua faili hili siku za usoni, Katibu anaeleza yafuatayo, ambayo waliokuwepo hawakuhitaji kuelezwa. Miaka mingi iliyopita Mwalimu Kavindu alikuwa amechumbiwa na marehemu Mwau, kifungua mimba wa Bi. Nzisa. Mwau alifariki kwa ajali ya gari karibu na Salama, wiki ile ile ambayo watu wake walikuwa wapeleke mbuzi wa ntheo nyumbani kwa akina Kavindu, kule Kasikeu. Kwa Wakamba, mbuzi hao wakishafika kwa msichana ndipo watu husema ameolewa. Kabla ya hapo mtu anaweza kuwa na pete, picha na hata keki, lakini ndoa hakuna. Tangu msiba huo Mwalimu hakuolewa. Kila Jumapili baada ya kanisa huja kwa Bi. Nzisa, humwita mwaitu, yaani mama, na humsaidia kuosha vyombo. Hakuna aliyewahi kumwambia afanye hivyo. Hakuna aliyewahi kumwambia aache.

KUMB. NA. 3/6/2025: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Kumbukumbu zilisomwa. Mzee Kiilu alipinga sentensi isemayo kwamba alilala wakati wa mjadala. Alisema alikuwa amefumba macho akifikiri. Katibu alisema kwamba mtu akifikiri hakoromi. Palizuka maneno kidogo kati yao, na Mzee Kiilu akakumbusha kikao kwamba alikuwa akisoma vitabu Katibu akiwa bado anachunga mbuzi bila suruali. Iliamuliwa sentensi isomeke: "Mzee Kiilu alifumba macho akifikiri, kwa sauti." Kwa marekebisho hayo kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 4/6/2025: YATOKANAYO – VIPANDE VYA KITABU

Mwenyekiti alikumbusha kwamba kikundi kina nakala moja tu ya kitabu, iliyonunuliwa kwa mchuuzi wa vitabu vya mitumba kando ya barabara, Salama. Kimeandikwa kwa Kiingereza, na jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Mchumba wa Jumba la Coldwick. Ili kila mtu asome bila kungoja mwaka mzima, iliamuliwa kikatwe vipande vinne. Bw. Mutie alikikata kwa wembe, na Bi. Sauda akashona kila kipande mgongo wake kwa uzi wa jinzi. Tangu hapo vipande vinazunguka.

Katibu alisema, kama alivyosema siku ya kukata, kwamba utaratibu huu ungeleta fujo, na sasa fujo imekuja. Alitoa mifano. Bw. Mutie alianza na kipande cha tatu, akaendelea kukisoma kitabu kinyumenyume akidhani Lord Ambrose, bwana wa hadithi, yuko hai. Mzee Kiilu alisoma kipande cha pili mara mbili na hataki kingine, akisema hicho kinamtosha na kina kila kitu. Kipande cha nne, chenye mwisho wa hadithi, hakijaonekana tangu Machi. Katibu alimuuliza kila mwanachama mara kadhaa kipande hicho kiko kwa nani, na kila mmoja akamwelekeza kwa mwingine, mpaka akajiona kama mtu anayetafuta kuku wa jirani.

Bw. Mutie aliingia wakati huu. Alisema, "Pole, kulikuwa na simu imeanguka ndani ya supu." Alipewa kiti.

Mwenyekiti alisema suala la kipande cha nne litajadiliwa baadaye, na kwamba wanachama watoe kwanza maoni yao kuhusu waliyosoma. Katibu aliomba iandikwe kwamba hakuridhika. Imeandikwa.

KUMB. NA. 5/6/2025: MAONI YA WASOMAJI

(a) Katibu alitoa muhtasari wa vipande vitatu vya kwanza ili wote wawe pamoja. Ni zama za Malkia Viktoria. Harriet ni yatima aliyechumbiwa na Lord Ambrose wa Coldwick. Ambrose anaanguka kutoka kwa farasi na kufa kabla ya harusi. Mama yake, Ledi Coldwick, anamkaribisha Harriet akae katika jumba, avae nyeusi, na asitoke. Usiku mishumaa ikizimika, Ambrose huja. Ana mikono baridi na maneno matamu. Wakati huo huo yuko Daktari Pym, mtu hai wa kijijini, anayekuja kila Alhamisi kwa kigari cha farasi akiwa na mtungi wa asali, na anayetaka kumwoa Harriet. Msichana yuko katikati.

(b) Bi. Sauda alisema kitabu kimemfurahisha kupita kiasi na asingependa kuficha. Alilalamikia nguo tu. Alisema msichana anakimbia ngazini na mshumaa mkononi akiwa amevaa gauni la vitambaa visivyohesabika, na haungui. "Mimi nimeshona gauni kama lile kwa maharusi wa Kitui, mwenye nalo hata mlangoni hapiti. Anakimbiaje?" Aliongeza kwamba sura ile ya busu la kwanza aliisoma mara mbili kwa sababu ya maelezo ya lesi. Wanachama walicheka. Alisema wanaocheka nao wameisoma, ukurasa ule una alama za vidole vya mafuta ya mandazi.

(c) Bw. Mutie alisema yeye alimpenda sana Lord Ambrose mpaka alipofikia kipande cha kwanza na kumkuta kwenye jeneza. "Nilidhani ni msee tu wa zamu ya usiku, kama soja. Haji mchana, hali, mkono ni baridi, nikasema huyu anatoka kazini. Kumbe ameshazikwa! Niliangusha kitabu." Alipoulizwa maoni yake sasa, alisema Ambrose hana haki. "Hajibu barua, haji kanisani, hamjui hata mjomba wa dem, na bado anangojwa. Mimi nikinyamaza saa moja tu kwa simu naachwa."

(d) Mzee Kiilu alisema shujaa wa kitabu ni Daktari Pym, na kwamba aliyesoma kipande cha pili kwa makini hawezi kusema tofauti. "Mtu analeta asali kila Alhamisi, mvua ikinyesha, theluji ikianguka, na anapewa chai baridi anaambiwa kwaheri. Hata punda angeshachoka." Alisema hayo akimtazama Katibu.

Bw. Mutie alisema sasa ameelewa, Daktari Pym ni Bw. Musembi kabisa, ni vile tu huyu haleti asali, huleta chanjo ya kuku. Bi. Sauda alisema kuku wa Mwalimu wamechanjwa mpaka wanajua mlio wa pikipiki ya Katibu na wanakimbia wenyewe kujificha. Katibu aliomba maneno hayo yafutwe. Mwenyekiti aliamua yabaki. Alikuwa anacheka, na Katibu aliliona hilo.

(e) Mwenyekiti, akitoa maoni yake kama msomaji, alisema wanachama wanamhukumu Harriet haraka. Alieleza kwamba mtu akifa, mapenzi hayashushwi naye kaburini. Alisema mtu akisikia nyayo ngazini usiku, hiyo ni shida yake na nyumba yake, na asionekane mjinga kwa sababu anaitikia. Alisema kuna siku mtu huweka vikombe viwili mezani bila kufikiri. Bi. Nzisa aliinuka akaenda jikoni kutazama muthokoi wake wa mahindi na maharagwe, ambao ulikuwa hauhitaji kutazamwa.

(f) Bi. Nzisa aliporudi aliomba kusema. Alieleza kwamba amesoma vipande vitatu kwa miwani yake mipya, polepole, na kamusi ya mjukuu. Kuhusu mizimu alisema msimamo wake unajulikana kanisani. Jambo lililomnyima usingizi ni Ledi Coldwick, mama ya Ambrose. "Yule mama si mbaya wa kupiga. Anampa msichana chakula, anampa kitanda. Lakini anamweka pale kwa sababu msichana akiwa pale, ni kama mtoto wake hajaenda kabisa. Nilifika hapo nikafunga kitabu. Nikasema, aiya, huyu mama namjua."

(g) Kisha Bi. Nzisa aliuliza swali ambalo lilibadilisha mjadala. Aliuliza kama kuna yeyote aliyesoma mahali popote kitabuni kwamba watu wa Lord Ambrose walipeleka mbuzi kwa akina Harriet.

Vipande vitatu vilipekuliwa. Ilipatikana pete ya yakuti, shairi, nywele zilizofungwa utepe na farasi mmoja aliyeahidiwa. Mbuzi hawakupatikana. Bw. Mutie alisema Wazungu hawana mambo ya mbuzi. Mzee Kiilu alisema wana kondoo wa kutosha, wangepeleka hao. Bi. Nzisa alisema basi kama hakuna mbuzi hakuna ntheo, na kama hakuna ntheo huyo Ambrose alikufa akiwa kijana wa watu tu, hana mke, na hana ruhusa ya kuzima mishumaa ya mtu.

Hapo Mzee Kiilu na Bi. Nzisa walitofautiana vikali kuhusu idadi kamili ya mbuzi wa ntheo, mmoja akisema ni wawili, mwingine akisema ni watatu na hiyo ya wawili ni ubahili wa ukoo fulani ambao hautatajwa. Mzee Kiilu alisema utajwe. Haukutajwa. Suala la idadi liliahirishwa.

KUMB. NA. 6/6/2025: KIPANDE CHA NNE

Katibu alirejea suala la kipande cha nne na kusema, kwa heshima lakini kwa nguvu, kwamba haiwezekani kikundi cha watu wazima kipoteze mwisho wa kitabu kama kifuniko cha sufuria. Alipendekeza kila mwanachama akafunue godoro lake.

Mwenyekiti alisema hakuna haja. Alifungua mkoba wake na kuweka kipande cha nne mezani. Alieleza kwamba kimekuwa kwake tangu Machi. Alikisoma siku ile ile alipokipata, na wanachama walipomuuliza alisema ameshampa mwingine. Aliomba radhi kwa kikao.

Mzee Kiilu alisema, "Mwalimu!" Bi. Sauda alisema kwamba yeye alishuku tangu mwanzo, ingawa kumbukumbu za vikao vilivyopita hazionyeshi hivyo. Katibu aliweka kalamu chini, na anaomba hilo nalo liandikwe kwa kuwa ni nadra.

Kwa ombi la wanachama Mwenyekiti aliisoma sura ya mwisho kwa sauti, akiitafsiri. Daktari Pym anakuja kwa mara ya mwisho. Anasimama theluji ikimjaa kofiani, anamwambia Harriet kwamba gari liko mlangoni na kanisa liko wazi. Harriet anamwomba angoje dakika chache. Anapanda juu kuaga. Ambrose yupo dirishani, anamwita, na Harriet anamfuata nje, mpaka ziwani, juu ya barafu, na barafu inapasuka. Mwandishi anamalizia kwamba tangu usiku huo vivuli viwili huonekana Coldwick vikitembea vimeshikana mikono, vikiwa na furaha ya milele. Daktari Pym hatajwi tena.

Ghasia zilizofuata hazikuweza kuandikwa zote. Mzee Kiilu alisimama na kuuliza, "Na asali?" Bw. Mutie alisema huo si mwisho, huo ni wizi. Bi. Sauda alipiga meza mpaka sukari ikamwagika, akasema, "Hata sisi mjane hukaa eda, na eda ina siku yake ya kuisha! Anatoka, anaoga, anajifukiza udi, anavaa rangi. Nani alimwambia huyu mtoto eda ni ya milele?" Mwenyekiti aligonga kikombe kwa kijiko kutuliza kikao, akalazimika kurudia.

Palipotulia, Katibu alimuuliza Mwenyekiti kwa nini alikificha. Aliuliza kwa sauti ya chini, si kama Katibu.

Mwenyekiti alijibu kwamba kuna sababu mbili. Ya kwanza, aliona aibu. Aliogopa wanachama wakifika mwisho huo watasema, hilo ndilo jibu la Mwalimu, tulijua, atatembea na kivuli chake mpaka ziwani. "Nami nilipomaliza kusoma sikulia. Nilikasirika. Nilimkasirikia yule msichana nikamwambia, wewe, mtu anakungoja kwa baridi! Nilimwambia peke yangu jikoni, kwa sauti, mpaka kuku wakaamka." Sababu ya pili, alisema, ni kwamba alijua kitabu kikiisha itambidi ajibu, na jibu alikuwa nalo tangu usiku huo, lakini hakujua atamwambiaje mwaitu.

Bi. Nzisa aliomba nafasi ya kusema. Alipewa.

(Sehemu ifuatayo imeandikwa na Bi. Sauda, kwa kuwa Katibu alisema ana mafua.)

Bi. Nzisa hakusimama, alisema magoti hayamtaki leo. Alimwita Mwalimu, akamwambia, Kavindu, njoo ukae hapa. Mwalimu akaja akakaa kwenye benchi karibu naye. Bi. Nzisa akasema: "Wale mbuzi nakumbuka. Walikuwa wamefungwa kwangu, nyuma ya ghala. Mwau aliwachagua mwenyewe, mmoja alikuwa na doa jeupe usoni, Mwau alikuwa akimcheka. Hawakufika kwenu. Tuliwachinja kwa matanga, wakaliwa na watu waliokuja kulia, na wewe mwenyewe nilikupa nyama kwa mkono wangu ukala kwa sababu nilikulazimisha. Kwa hivyo hukuolewa kwangu. Wewe si mke wa mtoto wangu. Nilijua hivyo miaka yote na sikusema, kwa sababu Jumapili ukija mlango ukilia, nilikuwa nasikia ni kama mnakuja wawili."

Mwalimu alikuwa analia sasa, na mimi pia, na Mutie alikuwa anatazama simu ambayo haikuwa na chaji. Bi. Nzisa akamwambia, "Usinililie mimi sijafa. Wewe si mke wa mtoto wangu, wewe ni mtoto wangu. Sasa ukiolewa mimi nitakuwa mama ya bibi harusi, na mbuzi wangu nitamtaka. Nimeshakula hasara ya mbuzi mara moja, sitakula tena." Tukacheka wote wallahi na machozi yetu. Mzee Kiilu alitoa leso yake, akampa Katibu kwa ajili ya mafua.

(Mwisho wa sehemu ya Bi. Sauda. Katibu amerudi kalamuni.)

Kwa kuwa kipande cha nne kilikuwa kimesomwa mbele ya wote, kikao kiliamua kwa kauli moja kwamba kitabu kimeisha. Ilikubaliwa pia kwamba Bi. Sauda avishone vipande vyote vinne kuwa kitabu kimoja tena, na kwamba Mchungaji Kitheka ajulishwe kwamba yule msichana hakuokoka.

KUMB. NA. 7/6/2025: MENGINEYO

(a) Bi. Nzisa alipendekeza kitabu kijacho kisiwe na marehemu wanaotembea. Bw. Mutie alipendekeza cha upelelezi. Mzee Kiilu alisema hata cha upelelezi huwa na marehemu. Ilikubaliwa kwamba marehemu wanaolala wanaruhusiwa.

(b) Mzee Kiilu alitaka kujua ni lini kikundi kitaandikia mchapishaji kudai haki ya Daktari Pym. Katibu alijitolea kuandika barua hiyo. Wanachama walisema hilo linaeleweka.

(c) Katibu aliuliza kama, kitabu kikiwa kimeisha kwa kauli moja ya kikao, jambo lililotajwa katika Kumb. Na. 2 sasa liko wazi kujibiwa. Bw. Mutie alipiga mluzi. Mwenyekiti alisema kwamba jambo hilo halitajibiwa katikati ya vikombe na watu wanaomtazama mdomo. Alisema Katibu aandike kumbukumbu vizuri kama kawaida yake, amletee azipitie kabla ya kutia sahihi, na kama ana la kusema ataliandika humo. Bi. Sauda aliomba ruhusa ya kuwepo wakati huo. Alikataliwa.

KUMB. NA. 8/6/2025: KUFUNGA KIKAO

Muthokoi ulikuwa tayari na Mzee Kiilu alikuwa ameshachukua sahani. Mwenyekiti aliwashukuru wanachama kwa kusoma mpaka mwisho, hata mwisho mbaya. Bi. Sauda aliomba dua fupi, na kikao kikafungwa saa kumi na nusu jioni, ingawa watu hawakuondoka.

MAREKEBISHO YA MWENYEKITI KABLA YA KUTIA SAHIHI (kwa mwandiko wake)

Kumb. Na. 3: Mzee Kiilu alilala. Nilimwona kwa macho yangu.

Kumb. Na. 5(e): Ni kweli nilisema vikombe viwili. Katibu aongeze kwamba chai ya kikombe cha pili hupoa, nami huimwaga, na nimechoka kuimwaga.

Kumb. Na. 5(g): Katibu ameandika kwamba suala la idadi ya mbuzi limeahirishwa. Halijaahirishwa. Ni watatu, wapelekwe kwa kaka yangu kule Kasikeu. Wa nne aletwe hapa hotelini kwa mwaitu. Wawe wanono na wenye afya. Mwenye duka la dawa za mifugo hana kisingizio.

Kumb. Na. 7(c): Waletwe mchana, kwa barabara kubwa, kila mtu awaone wakifika.

Sahihi: Kavindu, Mwenyekiti

Katibu amesoma marekebisho yote mara nne na hana pingamizi.

Sahihi: Musembi, Katibu